Tujiandae kabla mgonjwa hajafika langoni: vituo vyetu vya afya na magonjwa mapya

(Maneno haya yalitolewa na idara ya afya katika mkutano wa mwaka wa kamati za parokia na wafadhili. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, tukipunguza salamu tu.)



Ratiba imetuweka baada ya taarifa ya majengo na kabla ya chakula cha mchana, na tunafahamu kwamba saa kama hii msemaji hupendwa akiwa mfupi. Tutajitahidi. Lakini tumeombwa kueleza kwa nini idara yetu imependekeza sehemu ya fedha za ukarabati ihamishiwe kwenye kinga na udhibiti wa maambukizi, na tunajua pendekezo hilo halikupokelewa vizuri katika parokia kadhaa. Mjumbe mmoja alituandikia akiuliza: "Mnataka tuache kuezeka wodi ili tununue sabuni?" Ndiyo, ndugu zetu, karibu ni hivyo. Tunaomba mtusikilize hadi mwisho kabla ya kukataa.

Mnakumbuka Machi 2023. Katika vijiji vya Bukoba, mkoani Kagera, watu walianza kufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana: homa, kutapika, kutokwa damu, figo kushindwa kufanya kazi. Tarehe 21 Machi Serikali ilitangaza kuwa ni homa ya Marburg, mara ya kwanza kuthibitishwa nchini Tanzania. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Tukadhani yamepita. Januari 2025 ugonjwa uleule ukatangazwa tena mkoani humohumo, safari hii wilaya ya Biharamulo. Waliothibitishwa kwa vipimo walikuwa 2, na wengine 8 walihesabiwa kwa dalili na kwa ukaribu wao na wagonjwa. Wote 10 walifariki.

Majirani zetu nao hawakusalimika. Uganda ilipata Ebola aina ya Sudan Septemba 2022, ikianzia Mubende, na wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 wakafa. Rwanda ilipata Marburg Septemba 2024: wagonjwa 66, vifo 15. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa hospitali mbili za Kigali. Hizi hazikuwa zahanati za porini zisizo na mganga. Rwanda ilijitahidi sana, ikaokoa wagonjwa wengi kuliko ilivyozoeleka kwa Marburg, lakini virusi vilikuwa vimeshaingia wodini kabla ya mtu yeyote kuvijua jina.

Hapo ndipo shida ilipo. Ugonjwa mpya haufiki kituoni na jina lake. Hufika ukiwa homa. Muuguzi wa usiku anaona homa, kichwa kuuma, kutapika, naye anafikiria malaria au homa ya matumbo, kama ambavyo sisi sote tungefikiria, na mara nyingi huwa hajakosea. Majibu ya maabara yatakuja baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo kinachomlinda yeye, mgonjwa wa kitanda cha pili na mama mwenye nyumba atakayemfulia shuka ni mazoea ya kila siku ya kituo kile, yawe mazuri au mabaya. Suti za njano tunazoziona kwenye televisheni huwa bado ziko kwenye ghala la mbali.

Sindano tano

Turuhusuni tuwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu habari hii inatugusa sisi watu wa hospitali za misheni kuliko tunavyopenda kukiri.

Mwaka 1976, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, palikuwa na hospitali ya misheni mahali paitwapo Yambuku. Ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi 17, wakiwemo masista kutoka Ubelgiji. Daktari hapakuwa. Mwishoni mwa Agosti alifika mwalimu wa shule ya misheni akiwa na homa. Akadhaniwa ana malaria, akachomwa sindano ya klorokwini, akaenda zake. Kila asubuhi wauguzi wa hospitali ile walikabidhiwa sindano tano za kutumia siku nzima, kwa wagonjwa wa nje, kwa kliniki ya wajawazito na kwa wodi. Sindano ikishatumika ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha ikatumika kwa mtu mwingine. Pengine jioni zilichemshwa.

Huo ulikuwa mmoja wa milipuko miwili ya kwanza ya Ebola inayojulikana; mwingine ulikuwa Sudan mwaka uleule. Eneo la Yambuku lilihesabu wagonjwa 318 na vifo 280. Hakuna hata mmoja aliyepona kati ya wale walioambukizwa kwa sindano peke yake. Wafanyakazi 11 kati ya wale 17 walikufa, na hospitali ikafungwa. Jambo chungu kuliko yote ni kwamba hospitali ilipofungwa, ugonjwa ukaanza kupungua.

Hatusemi haya kuwalaumu marehemu wale. Walikuwa watu wa sala na wa kazi, waliobaki na wagonjwa wao mpaka wakafa nao. Watu walitembea mwendo mrefu kwenda kwao kwa sababu waliwaamini, na kwa sababu walipenda sindano, kama watu wetu wanavyoipenda hadi leo na kumdharau mganga anayetoa vidonge tu. Kilichopungua Yambuku hakikuwa upendo. Zilipungua sindano, ukapungua moto wa kuchemshia, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza zile tano zinawatoshaje watu wote wale. Bila shaka kulikuwa na wafadhili pia, ambao kama wangeambiwa wangetuma sindano. Sijui ni nani angewaambia, wakati hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuandikia barua.

Hospitali ya Lacor

Sasa tuseme habari ya hospitali nyingine ya kanisa, ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda. Oktoba 2000 wanafunzi wa uuguzi pale walianza kufa. Mganga mkuu wa hospitali, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa, akarudi, akasoma majalada ya waliokufa, akatafuta kitabu cha mwongozo wa kudhibiti homa za kutoka damu katika hospitali za Afrika, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekitoa pamoja na taasisi ya Marekani mwaka 1998. Hakusubiri majibu ya maabara. Alitenga wodi, akawavisha wauguzi, akawafundisha.

Mlipuko ule ulikuwa na wagonjwa 425 na vifo 224. Wanaofahamu wanasema bila wodi ile ingekuwa mbaya zaidi. Lakini Lacor nayo ilipoteza wauguzi, na Dkt. Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliitwa haraka kwa muuguzi aliyekuwa akitokwa damu, akaenda amevaa kila kitu isipokuwa miwani ya kukinga macho.

Tunaitaja miwani ile kwa sababu watu hudhani vifaa vikishanunuliwa kazi imekwisha. Kuvaa na hasa kuvua ni ufundi unaofundishwa na kurudiwa. Katika mafunzo yetu huwa tunachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya kula, tunayapaka kwenye glovu za muuguzi, kisha tunamwambia avue vifaa vyote kama alivyozoea. Wengi hucheka wanapoanza. Halafu tunawapa kioo, na masizi yako shingoni, kwenye nywele, mara mbili tumeyaona kwenye kope. Baada ya hapo hakuna anayecheka.

Ndoo za mwaka 2020

Mtasema, "Lakini sisi tulishafanya hayo wakati wa Korona." Ni kweli. Mwaka 2020 kila kituo chetu kilipata ndoo zenye koki, vitakasa mikono, vipimajoto vya kulenga kwenye paji la uso, na mabango ya kunawa. Parokia zilichanga vizuri na wafadhili walituma haraka kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Tunawashukuru.

Tulipotembelea vituo hivi karibuni tulizitafuta zile ndoo. Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, ndoo tatu zilikuwa stoo zimejaa maharage ya wafanyakazi. Kwingine ndoo ipo mlangoni, koki imevunjika, ndani kuna buibui. Kwingine tena maji yapo, ila sabuni imefungiwa kabatini na ufunguo yuko nao mhasibu, kwa sababu sabuni ilikuwa inaibiwa. Vipimajoto havina betri. Bango la kunawa bado limebandikwa, limefifia na jua.

Lawama hii ni ya idara yetu kabla ya kuwa ya kituo chochote. Tulileta vitu, tukapiga picha, tukaandika ripoti, na hatukuweka fungu la kununua sabuni mwezi wa saba wala mtu wa kuidai. Ripoti ile ilisema "vituo vyote vina sehemu za kunawia mikono." Siku ilipoandikwa ilikuwa kweli.

Tunachoomba

Kwanza ni maji. Kuna vituo vyetu ambavyo pampu ipo lakini mafuta ya kuiendesha hayana fungu, basi mama anayejifungua analetewa maji na ndugu zake. Kituo kama hicho hakiwezi kujiandaa kwa ugonjwa wowote, mpya au wa zamani. Mahali penye paa kubwa tunaomba tangi la kuvuna mvua lipewe nafasi ya mbele kuliko rangi ya kuta. Na pale ambapo tangi litachelewa, kibuyu chirizi cha dumu na kamba kinafaa, mradi kuna mtu wa kukijaza.

Pili ni dawa ya kuulia vijidudu, na hapa tunaomba kueleza kidogo, maana tumekuta makosa mengi. Maji ya klorini ya kusafishia sakafu, vitanda na mahali palipomwagika damu yanatakiwa yawe na nguvu ya asilimia 0.5. Kwa klorini ya unga ya asilimia 70 hiyo ni gramu 7 kwa lita moja, yaani kama gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Kwa dawa ya maji ya asilimia 3.5, kama Jik ya madukani, ni kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Yachanganywe upya kila siku, yafunikwe, yasiachwe juani. Damu na matapishi yaondolewe kwanza kwa kitambaa, maana klorini ikikutana na uchafu mwingi hupoteza nguvu. Wala tusiwapulizie watu klorini mwilini, hata kama tumeona ikifanyika. Kwa mikono, sabuni na maji au kitakasa mikono cha spiriti ndivyo bora; klorini hafifu ya asilimia 0.05 ni pale tu ambapo hivyo viwili havipo.

Kitakasa mikono si lazima kinunuliwe. Hospitali yenye mfamasia inaweza kukitengeneza kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani: kwa lita 10, mililita 8,333 za spiriti ya ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, na maji yaliyochemshwa na kupoa kujazia. Kinakaa saa 72 kabla ya kutumika. Hospitali moja ikitengeneza inaweza kuvigawia vituo vyote vya jirani.

Tatu, na hili ndilo linalopingwa zaidi, ni mtu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza hospitali iwe na angalau mtaalamu mmoja wa kinga ya maambukizi wa muda wote kwa kila vitanda 250, na kituo kidogo kiwe na angalau mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye saa zilizotengwa kwa kazi hiyo. Kwetu mara nyingi jina lipo kwenye orodha ya ukutani, lakini mwenye jina yuko zamu ya wodi ya wazazi saa zote. Hawezi kukagua kichomea taka, kuhesabu masanduku ya sindano yaliyojaa, kufundisha wapya na kuzalisha akina mama kwa wakati mmoja. Tunaomba kila kituo kimpe muuguzi huyo siku mbili kwa wiki, na parokia isaidie kulipa anayemshikia zamu. Tunajua wafadhili wengi kanuni zao hazipendi mishahara. Jengo lina bango la jina la mfadhili, na hakuna anayeweka bango juu ya zamu ya muuguzi. Tunasema hili kwa heshima, tukijua baadhi yenu mmelitetea huko kwenu na kushindwa. Litetreeni tena, tafadhali. Tutawapa hesabu na picha zile za maharage.

Tukishampata mtu huyo, kazi yake ya kwanza iwe langoni. Anayemwona mgonjwa kabla ya wote ni mlinzi, kisha mpokezi anayeandika jina. Hao wakijua kuuliza maswali manne watasaidia kuliko mashine: Una homa? Unatapika, unaharisha au unatoka damu? Umemuuguza mtu au umetoka msibani katika siku 21 zilizopita? Umetoka wapi? Siku 21 kwa sababu Ebola na Marburg huchukua siku 2 hadi 21 tangu mtu aambukizwe hadi augue. Mwenye majibu ya kutia shaka aketi pembeni, mbali na foleni, kisha aingizwe katika chumba kilichotengwa chenye choo chake, na mganga mkuu wa wilaya apigiwe simu siku hiyohiyo. Chumba kinaweza kuwa stoo iliyosafishwa. Asiachwe humo bila maji ya kunywa na bila mtu wa kuzungumza naye, maana mgonjwa akitishwa atatoroka, na wenzake wakisikia hawatakuja tena.

Hapa tunaomba tuwataje wahudumu wa usafi. Ndio wanaobeba ndoo za matapishi na kufua shuka zenye damu, na ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote. Tumekuta waliovaa kandambili wodini. Tumekuta wengi ambao hawajawahi kuchanjwa homa ya ini aina ya B, chanjo ya dozi tatu, ilhali mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye virusi hivyo ana hatari ya kuambukizwa kati ya asilimia 6 na 30. Kwa virusi vya Ukimwi ni karibu asilimia 0.3. Buti za mpira, glovu nzito na chanjo kwa wahudumu wa usafi wote viwe juu ya orodha ya manunuzi. Hatuoni kwa nini jambo hili lingojee mlipuko.

Msibani

Tumalizie na ninyi wajumbe wa parokia, kwa kuwa kuna kazi ambayo idara ya afya haiwezi kuifanya. Ebola na Marburg huambukiza hata baada ya mgonjwa kufa, na wengi huambukizwa wanapoosha maiti na kuaga. Anapokuja mtu mwenye suti na pampu ya mgongoni akasema hakuna kuosha, hakuna kugusa, watu hukasirika, na tungekuwa sisi tungekasirika. Mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima baada ya kushauriana na mashirika ya dini, ya Kikristo na ya Kiislamu. Unaruhusu familia kuwepo, kuomba, kuchagua kaburi, kuweka nguo au kitu cha marehemu, wakati timu iliyovaa inashika mwili. Atakayeaminiwa akisema haya ni padre, katekista, mama wa jumuiya, shehe wa jirani. Lakini yafaa wawe wamekwisha kuyasikia kabla ya msiba, katika mkutano kama huu, akili zikiwa zimetulia. Tunaomba kila kamati iteue watu wawili, mmoja awe mama, tutakaowafundisha.

Fomu ziko mezani kwa katibu. Zina maswali matatu: siku ngapi mwezi uliopita kituo kilikosa maji, ufunguo wa sabuni uko kwa nani, na jina la muuguzi wa kinga pamoja na siku zake mbili. Tafadhali jazeni kama mambo yalivyo; kituo kitakachoandika "hatuna" ndicho tutakachokitembelea kwanza, na hatutaleta kamera. Zirudi kabla ya mwisho wa mwezi. Walinzi wa malango nao waje kwenye mafunzo, nauli yao tutailipa sisi.